Ukipotea chuoni, nani atakupigia simu?

Hebu fanya hesabu ndogo. Fungua lile kundi la WhatsApp la darasa lenu, lile mlilofungua wiki ya kwanza chuoni mkiwa bado mnaogopana. Hesabu majina. Kisha hesabu wale mnaoketi nao darasani hadi leo. Wengine walibadilisha kozi, sawa. Wengine walihamia chuo kingine. Lakini wapo ambao hawajaandika hata "sawa" tangu mwaka wa pili, na mtu akikuuliza wako wapi unajibu tu, "Huyo msee alipotea."

Alipotea. Neno la ajabu ukilifikiria. Funguo hupotea. Kitambulisho hupotea kwenye matatu. Mtu mzima mwenye nambari ya usajili, simu na kitanda bwenini hapotei hivi hivi. Kuna mahali aliteleza, kisha akateleza tena, na hakukuwa na mtu karibu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo orodha yangu ya waliopotea ni ndefu kidogo. Stori zao zinafanana hadi inaudhi. Helb inachelewa. Kodi ya bedsitta haichelewi. Unatafuta kibarua cha usiku, kisha unakosa darasa la saa moja asubuhi kwa sababu mwili nao si mashine. Karo haijakamilika, hupewi kadi ya mtihani. Mtihani unapita ukiwa nje ya ukumbi. Sasa una masomo ya kurudia, na hata kurudia kunalipiwa. Unaona haya kumwambia mamako, maana kijijini walifanya harambee ukaenda chuo ukiimbiwa. Unaanza kulala hadi saa nane mchana. Simu ikilia unaigeuza uso chini. Halafu siku moja unagundua semista ilianza wiki tatu zilizopita na wewe hata hukujisajili.

Sasa niambie. Hiyo ni shida ya pesa, ya masomo au ya akili? Ukienda afisi ya fedha utaambiwa ulete risiti. Ukienda idarani utaambiwa ujaze fomu ya kuahirisha mwaka. Mshauri nasaha, ukimpata, atakuuliza unalala vipi. Kila afisi inashika kipande chake. Wewe mzima, na kodi yako na usingizi wako na ile CAT uliyokosa, huna afisi.

Hili jambo lina jibu ambalo limejaribiwa, tena kwa hesabu kali. Lilijaribiwa New York, kwenye vyuo vya umma vya jiji vinavyoitwa CUNY. Mwaka wa 2007 walianzisha mpango wakauita ASAP. Uliwalenga vijana wa kozi za miaka 2, kitu kinachokaribiana na diploma yetu, wengi wao wakitoka familia za kipato cha chini. Ukidhani Marekani kila mtu anamaliza chuo, pole. Katika vyuo vya aina hiyo wanaomaliza ndani ya miaka 3 walikuwa wachache mno.

ASAP walifanya nini? Walichukua vile vipande vyote wakavifunga pamoja. Pengo la karo lililobaki baada ya misaada mingine, wanaliziba. Vitabu bure. Mafunzo ya ziada kwa anayelemewa. Mtu wa kukuelekeza kuhusu kazi. Na katikati ya hayo yote, mshauri wako wewe, mwenye jina, ambaye unakutana naye mara kwa mara upende usipende. Mwanafunzi naye anatakiwa asome kwa muda wote, si kozi mbili leo na moja mwaka ujao.

Huyo mshauri ndiye roho ya mpango. Alikuwa na wanafunzi kati ya 60 na 80. Katika vyuo hivyo hivyo, mshauri wa kawaida alikuwa na kati ya 600 na 1,500. Fikiria mwalimu mmoja na watu 1,500. Huyo hata akikupenda hawezi kukukumbuka. Katika mwaka wa kwanza, wanafunzi wa ASAP walisema walikutana na mshauri wao mara 38 kwa wastani. Wenzao wa nje ya mpango, mara 6.

Halafu kuna kitu kidogo nilichokipenda zaidi ya vyote. Walipewa kadi ya usafiri ya mwezi mzima, ya treni na basi, bure. Lakini hawakutumiwa kwa posta. Kadi ilifungamanishwa na kushiriki: ukitaka ya mwezi huu, uwe umeonekana kwa mshauri wako. Umeona ujanja? Kijana ambaye angejificha bwenini kwa aibu ana sababu ya kuingia ile afisi. Anaingia kwa ajili ya nauli. Akishaketi anaulizwa, "Na ile hesabu inaendaje? Na nyumbani?" Huhitaji kukubali kwamba una shida ndipo usaidiwe. Nauli inakupa heshima ya kuwa na sababu nyingine.

Watafiti wa shirika la MDRC hawakuamini kwa maneno. Walichukua wanafunzi 896 katika vyuo vitatu, wakawagawa kwa bahati nasibu: hawa waingie ASAP, hawa waendelee kama kawaida. Wote walihitaji kozi za kujazia pengo la hesabu au Kiingereza, yaani hawakuwa wale wa kupita kwa urahisi. Baada ya miaka 3, kundi la kawaida lilikuwa limehitimu kwa asilimia 22. Kundi la ASAP, asilimia 40. Karibu maradufu, na ni vijana wale wale, wa mtaa ule ule.

Wakasema labda ni New York tu. Mpango ukanakiliwa katika vyuo vitatu vya jimbo la Ohio. Huko, baada ya miaka 3, asilimia 35 walihitimu dhidi ya 19.

Najua unachotaka kuuliza, kwa sababu ni Mkenya. Pesa ngapi? Si kidogo. ASAP iligharimu takriban dola 14,000 zaidi kwa kila mwanafunzi kwa miaka 3, karibu Sh1.8 milioni kwa viwango vya sasa. Lakini hesabu ina upande wa pili. Waliohitimu walikuwa wengi kiasi kwamba gharama ya kumtoa mhitimu mmoja ilikuwa chini kwa zaidi ya asilimia 10. Mwanafunzi anayeacha mwaka wa tatu tayari amekula miaka mitatu ya walimu, umeme na mkopo. Hiyo pesa imelala mahali. Kumlipia kwa nusu kisha kumwacha apotee ndiyo anasa, na sisi ndiyo tunayoifanya kila mwaka.

Hapa lazima nigombane na kitu tunachokipenda sana sisi Wakenya, yaani kudhani kila shida inaisha kwa M-Changa. Huko Fort Worth, Texas, kulikuwa na jaribio lingine kwa jina Stay the Course. Wanafunzi wa chuo kimoja cha umma waligawanywa mara tatu. Kundi la kwanza lilipata pesa za dharura pamoja na mtu wa kuwafuatilia kwa karibu, wa kuwasaidia na nyumba, watoto, mahakama, chochote kile. Kundi la pili lilipata pesa za dharura tu. La tatu halikupata kitu. Wale wa pesa tupu hawakuonyesha tofauti ya maana na wale ambao hawakupata kitu. Waliokuwa na pesa na mtu, hasa wanawake, ndio waliobaki chuoni na kumaliza kwa wingi zaidi.

Soma tena hiyo. Sisemi pesa si kitu. Nimewahi kula mandazi mawili siku nzima, najua pesa ni kitu. Lakini gari likiwa limepasuka magurudumu manne, kuziba moja hakukufikishi Thika.

Tukigeukia upande wa akili, hatuna haja ya kwenda mbali hadi Amerika. Harare, mtaa wa Mbare, mwaka wa 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha nyanya 14 kuketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu. Nyanya kabisa, si wanasaikolojia. Mpango unaitwa Friendship Bench, na mwaka wa 2016 utafiti ulionyesha kwamba waliopitia kwenye benchi walipungukiwa na dalili za msongo na huzuni kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kilichomsukuma Chibanda ni kifo cha mgonjwa wake, msichana aliyejiua. Alikuwa arudi hospitalini, lakini yeye na mamake hawakuwa na dola 15 za basi.

Nauli tena. Ukitafuta mahali ambapo pesa, safari na akili hukutana, ni pale kituoni ukihesabu sarafu.

Na hapa hapa kwetu kuna Shamiri. Miongoni mwa walioianzisha yumo kijana Mkenya, na wanaoketi na wanafunzi wa sekondari si madaktari bali vijana waliomaliza shule juzi juzi, wa kati ya miaka 18 na 22. Wanakutana vikundi vidogo mara moja kwa wiki kwa wiki nne, wanazungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, mambo ya kushukuru na yale mtu anayoyathamini. Neno "ugonjwa wa akili" halibandikwi mlangoni. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikishuka zaidi kuliko kwa wale waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa hivyo mtu asituambie ati Kenya hatuwezi mpaka tupate wataalamu elfu kumi. Wataalamu ni wachache kweli, na kuna hali ambazo lazima ziende kwa daktari. Lakini kusikilizwa mapema, kabla hujafika huko, kunaweza kufanywa na mtu wa rika lako aliyefunzwa vizuri na mwenye msimamizi.

Sasa turudi kampasi. Vyuo vyetu vingi vina afisi ya ushauri nasaha. Shida ni kwamba ipo pale ikikungoja. Mara nyingi iko kwenye ukumbi mmoja na afisi ya masuala ya wanafunzi, ile ile inayokusimamisha ukigoma. Nani atakaa kwenye lile benchi lake akisubiri, huku darasa zima likipita kwenda maktaba? Tena kwetu bado tunatumia Mathari kama tusi. Msee akisema hajisikii vizuri anaambiwa, "Wewe peleka hiyo Mathari," watu wanacheka, na yeye anacheka pia, halafu hasemi tena.

Hata sheria yenyewe ilikuwa inatisha. Hadi majuzi, mtu aliyejaribu kujiua angeweza kushtakiwa kortini chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Fikiria kuhusu komredi ambaye, kabla ya hapo, alitaka kumwambia mtu ukweli wote.

Nilisema niliacha mwaka wa tatu. Sitakupa stori ndefu. Karo, mzee nyumbani akaugua, mimi nikawa mtu wa kulala mchana. Ninachokumbuka vizuri ni baada ya kuondoka. Chuo, ambacho sitakitaja, kilinitumia ujumbe kwenye simu mara mbili. Mara zote mbili ulikuwa ule wa mashine: jina langu kwa herufi kubwa, nambari ya usajili, salio la karo, akaunti ya benki. Hakuna mtu aliyeuliza niko wapi. Kompyuta yao ilikuwa na kila kitu, tarehe niliyoacha kuonekana darasani, alama zilizoporomoka semista moja, karo iliyokwama. Dalili zote zilikuwa kwenye mashine moja na hakuna aliyelipwa kuzisoma kwa pamoja. Niko sawa siku hizi, nashukuru, kuandika kunanilipia nyumba. Lakini mara kwa mara huwa nawaza, je, kama angekuwepo mtu wa 60 na si wa 1,500?

Tangu 2023 serikali ilipoleta mfumo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu, mjadala wetu wote umekuwa juu ya shilingi: wewe uko kundi gani, ufadhili ni ngapi, mkopo ni ngapi, familia ichange ngapi. Ni mjadala wa haki na sisemi uachwe. Lakini ni mjadala kuhusu kuingia. Ukisikiliza redio asubuhi hutasikia mtu akimuuliza waziri ni wangapi kati ya walioingia mwaka fulani walimaliza, na wale wengine walienda wapi. Mpaka swali hilo liulizwe hadharani, hakuna chansela msaidizi atakayepoteza usingizi juu yako.

Basi kama wewe ni kiongozi wa wanafunzi, na unapiga kampeni za mkate na soda, jaribu kuuliza uongozi wa chuo swali moja: mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi? Dai nambari. Kisha uliza kama mtu akikosa darasa wiki mbili mfululizo kuna yeyote anayejulishwa. Hayo hayahitaji dola 14,000. Mahudhurio tayari mnatia sahihi kila siku. Zile karatasi huwa zinaenda wapi?

Na kama wewe si kiongozi wa chochote, ni komredi tu mwenye rununu yenye kioo kilichopasuka, bado kuna kitu. Namjua dada mmoja, mwakilishi wa darasa katika chuo kimoja cha ufundi, ambaye huweka majina kwenye daftari. Ukikosa wiki mbili anakupigia. Usiposhika, anakuja. Mara ya kwanza wenzake walimwita karani wa polisi. Semista iliyopita alimpata kijana mmoja kwenye chumba chake Githurai, mapazia yamefungwa, hajala tangu juzi, karo yake ikiwa imebaki kiasi ambacho darasa lilikichanga kwa siku mbili. Hawakuishia kwenye mchango. Walipanga nani atamletea maelezo ya masomo, nani ataenda naye kwa mkuu wa idara kuomba mtihani maalum, na dada mwenyewe akamsindikiza kwa mshauri nasaha, akaketi naye pale ukumbini, wote wawili wakijifanya wanatazama simu.

Nilimuuliza huwa anaanza vipi mazungumzo, maana mimi nisingejua la kusema. Akaniambia hamuulizi mtu mbona haji darasani. Kwanza anauliza kama amekula.

Kama ni wewe uliye nyuma ya mapazia, au rafiki yako anaongea kana kwamba anaaga, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu. Hawatakuuliza nambari ya usajili. Na kama una jina la mtu kichwani tangu uanze kusoma hapa juu, angalia kalenda ya chuo chenu. Kujisajili huwa kunafungwa wiki za kwanza za semista, na baada ya hapo hata mkuu wa idara mwenye roho safi huanza kusema mfumo umefungwa. Mtafute kabla ya hiyo tarehe.